Oili Aliyoleta Baba

Jumamosi tarehe 19 Oktoba 1996 tulimzika baba yangu Buswelu, nyuma ya zizi lake. Waliokuja kuzika walisema tumepoteza mzee. Mimi nilikuwa nimepoteza na kitu kingine ambacho hakuna aliyekitaja siku ile, nacho ni jina lake la mtu asiyewahi kuharibu mashine. Jina hilo lilikufa mwaka mmoja kabla ya mwenyewe, na aliyeliua ni mimi. Sikusoma sana, niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaeleza kama mambo yalivyofuatana.

Baba alifanya kazi miaka ishirini na minne katika kiwanda cha kuchambua pamba kando ya ziwa. Hakuwa fundi wa kufungua mashine, alikuwa mtia oili. Alianza kazi kabla ya wenzake, akazunguka na kopo lenye mdomo mrefu, mashine moja baada ya nyingine, na kila alipofika aliweka kiganja juu ya chuma, akasubiri kidogo. Alisema chuma kinachotaka kuharibika kinatoa joto lake kwanza, kelele inakuja baadaye. Alikuwa akichukua tone la oili, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akanusa, ndipo akasema inafaa au haifai. Sisi watoto wake tulifundishwa hivyo hivyo, hata mafuta ya kupikia tuliyasugua kabla ya kuyapokea dukani. Katika miaka yake yote hakuna beringi iliyoungua kwenye zamu yake. Hilo ndilo alilojisifia. Hakuwa na jingine la kujisifia.

Wakati wa mageuzi, wanunuzi binafsi walipoanza kununua pamba, kiwanda kilipunguza watu, na baba alikuwa kwenye orodha ya kwanza. Siku ya mwisho mtunza stoo aliwaambia kila mmoja abebe anachoweza kubeba kabla hajaja mwenye mali mpya. Wengine walibeba magunia, wengine mabati, mmoja alibeba kengele ya zamu. Baba alibeba dumu moja la oili, jipya, halijafunguliwa. Sitasema alipewa na sitasema aliiba. Alilifunga kwenye baiskeli, akaenda nalo Buswelu, akaliweka chini ya kitanda.

Mwaka 1995 mume wangu alinunua gari. Alikuwa dereva wa lori la ushirika zamani, naye alipunguzwa, akafungua duka la mabati na misumari Mkuyuni, na duka likakubali. Gari lenyewe lilikuwa la familia, la watu wanane, limetumika Japani, likaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi kwetu. Kwetu lilikuwa jipya. Viti vilikuwa bado na nailoni. Injini haikuwa mbele kama kwenye magari tuliyoyazoea, ilikuwa chini ya kiti cha mbele, ukitaka kuiona unainua kiti. Kwenye ubavu wa mlango palibandikwa kikaratasi cha maandishi ya Kijapani ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, ila tarakimu tu.

Sasa lazima niseme jinsi baba yangu na mume wangu walivyokuwa wanaishi, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Walikuwa hawazungumzi ana kwa ana. Hawakugombana hata siku moja, waliheshimiana. Baba alikuwa mtu wa mila, na kwake mkwe ni mtu unayemsalimu kwa mbali, huli naye sahani moja, humbishii, hukatai kitu kinachotoka mkononi mwake. Neno la baba kwenda kwa mume wangu lilipita kwangu, na la mume wangu kwenda kwa baba lilipita kwangu, hata wakiwa wamesimama hatua tatu tu.

Siku baba alipokuja kuliona gari, walisimama hivyo. Baba upande huu, mume wangu upande ule, mimi katikati nimeshikilia kiti kilichoinuliwa.

"Muulize mume wako, asubuhi linawaka mara ya ngapi?"

Mume wangu alisikia kila neno, lakini alisubiri nigeuke.

"Baba anauliza asubuhi linawaka mara ya ngapi."

"Mwambie mara moja tu."

"Mara moja tu, baba."

"Mwambie hiyo ni injini nzuri. Muulize, moshi?"

"Mwambie moshi hakuna kabisa."

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kiti cha nyuma tangu gari lifike, akisema anajizoesha. Akapaza sauti, "Jamani, mmenunua gari au mmeleta posa? Ongeeni basi, humu ndani ninaiva!"

Tulicheka wote. Baba aliziba mdomo kwa mkono, akageukia ukuta ili mkwe wake asimwone anacheka. Kisha akainama, akaweka kiganja juu ya injini, akasubiri. Nilimwona mume wangu akimtazama. Hakukuwa na dharau katika kutazama kule. Hilo pia nalisema kwa sababu ni kweli.

Wiki iliyofuata baba alikuja peke yake kwa baiskeli kutoka Buswelu, mwendo mrefu kwa mtu wa umri wake, na lile dumu limefungwa nyuma kwa mpira. Mume wangu alikuwa dukani.

"Mwambie mume wako hii ni ya kumwaga oili ya kwanza," akasema. "Ile ya Wajapani aitoe yote. Kwao kuna baridi, huku oili yao inakuwa maji. Hii nimeitunza. Nilikuwa sijui naitunzia nini."

Nilimkaribisha chai. Akanywa upesi, akaondoka kabla mkwe hajarudi, kwa adabu.

Mume wangu aliporudi alilitazama dumu, akalifungua, akaingiza kijiti na kukitoa. Oili ilishuka polepole kama asali.

"Hii ni ya mashine," akasema. "Mafundi wa Igogo wamesema injini hizi zinataka nyepesi. Ukiweka hii, asubuhi haipandi juu, injini inasagika kavu."

"Basi mwambie."

"Nimwambie mimi? Nimkatalie mzee kitu alichobeba kwa baiskeli?"

"Amwambie nani sasa, mimi?"

"Wewe ni mtoto wake."

"Ndiyo maana siwezi."

Akalifunga dumu. Kisha akasema niangalie nitakavyofanya, akaingia kuoga. Nami nikaangalia. Jumapili nilikwenda Buswelu nikamkuta baba anakata miti ya zizi. Nikamwambia, "Ameshukuru sana, baba. Ameitia yote."

"Ameitia?" Akaweka panga chini. "Anasikia tofauti?"

"Anasema sasa linanguruma kama paka aliyeshiba."

Hakuna aliyesema hivyo, nilitunga pale pale. Baba alifurahi mpaka akamwita jirani yake kumweleza. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Baba amesema sawa, magari ya siku hizi hayajui, ufuate ya mafundi."

"Mzee muungwana," akasema mume wangu. Akalala na amani.

Kwa siku moja niliwafurahisha wote wawili. Nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Lile dumu sikuthubutu kulimwaga. Nililipeleka kwa mama mmoja mwenye mashine ya kusaga nafaka, si mbali na kwa baba, nikamwomba asiseme limetoka wapi. Alilitia kwenye injini yake ya dizeli.

Kununua oili ya gari kuliniangukia mimi. Mume wangu alikuwa anavuka kwenda Ukerewe kudai wateja wake, akaniandikia kwenye karatasi namba aliyopewa na fundi. Nilikwenda mjini kwenye duka ambalo miaka michache kabla halikuwa na kitu ila chumvi na kalamu. Zamani oili ilikuwa moja, inatoka kwenye pipa, na kuipata ulihitaji kibali. Sasa rafu ilijaa makopo na magaloni ya kila rangi, moja lina simba, moja lina gari la mashindano, moja lina mzungu anacheka. Nilimpa muuzaji karatasi.

"Dada, namba hii ninazo nne," akasema. "Hii ya Singapuri, hii ya Dubai, hii ya Ulaya, na hii bei yake nzuri."

"Hiyo ya bei nzuri imetoka wapi?"

"Imetoka huko huko zinakotoka nyingine."

"Tofauti ni nini basi?"

"Tofauti ni bei, dada."

Aliyekuwa nyuma yangu akacheka, akasema, "Mama, chukua, gari halijui kusoma."

Nilitaka kuisugua. Mkono wangu ulishakwenda kwenye kizibo. Muuzaji akasema, "Ukifungua umenunua." Niliona haya mbele za watu, nikaonekana mshamba. Niliangalia lile galoni la bei nzuri, lilikuwa na karatasi ya rangi ya fedha inayong'aa juu ya kizibo, safi kuliko nyingine zote. Nikalichukua. Nilichagua oili ya gari letu kwa kung'aa kwa kizibo, mimi niliyefundishwa kusugua na kunusa tangu nikiwa na miaka sita. Fundi aliitia, gari likaondoka vizuri.

Baba alikuwa haachi kuuliza. Kila nilipokwenda Buswelu aliniuliza oili yake inaendeleaje, kama mtu anavyouliza habari za mjukuu. Akanifundisha kuchomoa stiki ya kupimia oili, kuifuta, kuirudisha, kuichomoa tena, na kutazama rangi. Nilifanya hivyo. Katika rangi sikumdanganya, sijui kwa nini, labda nilidhani ukweli mdogo utapunguza uongo mkubwa. Wiki ya tatu nilimwambia, "Baba, imekuwa nyeusi."

"Nyeusi kama chai ya rangi?"

"Nyeusi kama masizi. Na ina kitu kama mchanga mchanga."

Akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Oili yangu haiwezi kuwa hivyo kwa wiki tatu. Mwambie mume wako aimwage kesho. Asisubiri. Mwambie hivyo hivyo."

Sikumwambia. Oili ile niliichagua mimi. Kama ningesema ina mchanga, mume wangu angeuliza nilinunua ipi na kwa nini, nami nilikuwa nimekwisha kumwambia nilichukua ya Ulaya. Nikarudi Buswelu nikamwambia baba, "Ameimwaga." Huo ulikuwa uongo wa ngapi, nilikuwa sihesabu tena.

Mwezi wa nane tulikuwa tunatoka Misungwi kwenye harusi ya ukoo wa mume wangu, gari limejaa, tunakaribia Buhongwa. Kwenye kilima injini ikaanza kugonga, kwanza kidogo, kisha kama mtu anayepiga nyundo chini ya kiti. Mama mkwe akauliza nani anabisha hodi. Kabla hatujamjibu, gari likazima. Injini ilikuwa imenoki, imekufa kabisa.

Tulivutwa mpaka gereji Igogo. Fundi alishusha injini siku mbili baadaye, akatuita. Alituonyesha beringi zilizoungua na uji mweusi uliojaa chini. Akachota kidogo kwenye kipande cha bati.

"Shemeji, hii si oili," akaniambia. "Hii ilishatumika kwenye malori huko, ikachujwa kwa kitambaa, ikawekwa kwenye galoni jipya. Ziko nyingi mjini siku hizi. Mlinunua wapi?"

Mume wangu alinigeukia. Palepale, kati ya vyuma, nilimwambia kuhusu duka na bei. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunipiga wala hakunitukana. Alisema tu, "Afadhali ningetia ile ya mzee," akaenda kunawa mikono.

Fundi huyo aliniambia oili ya baba ingefaa kabisa kwa joto letu. Mwingine, miaka ya baadaye, aliniambia ingeiua injini vile vile, polepole zaidi. Mpaka leo sijui.

Baba alisikia habari kabla sijafika. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, hana kitu mikononi.

"Mwangaluka, baba," nikamsalimu.

Hakujibu salamu. "Fundi amesema ni nini?"

"Amesema ni oili, baba."

Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa na maneno mengine tayari, nilikuja nayo njia nzima: si yako, ni niliyoinunua mimi. Lakini ili niyaseme, ilinibidi niseme pia kwamba yake haikutiwa, kwamba mkwe wake aliikataa, kwamba paka aliyeshiba nilimtunga. Nikatafuta pa kuanzia.

"Yangu?" akauliza.

Nilitazama chini. Sikusema ndiyo. Nimejitetea kwa hilo mara nyingi moyoni, kwamba sikusema ndiyo. Ni utetezi wa kijinga. Nilinyamaza, na kwa baba yangu kunyamaza kwangu kulikuwa ndiyo.

Akaitazama mikono yake, nje na ndani. "Nilikuambia imwagwe," akasema. "Itakuwa alichelewa. Au ilikaa sana chini ya kitanda. Oili ikikaa sana... Hapana. Kosa langu."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Baada ya wiki mbili, baba yangu mdogo alikuja Mkuyuni anaswaga ng'ombe jike mmoja. Baba alikuwa na ng'ombe wanne tu. Huyu alizaliwa na mtoto wa ng'ombe wa mahari yangu, nilimjua kwa baka lake jeupe kwenye paji. Baba mdogo akanieleza, ili nimweleze mume wangu aliyekuwa amekaa pale pale, kwamba mzee ameharibu gari la mkwe na hapendi deni hilo liende naye kaburini. Majirani walitoka kutazama. Mmoja akauliza kwa sauti kama mahari yanarudi, kama nimeachika. Mume wangu akanivuta ndani.

"Anasema ameharibu gari? Si alisema tufuate mafundi?"

Hapo nilimwambia yote. Alikaa kwenye kitanda. Nilidhani atatoka amwambie baba mdogo. Akasema, "Ng'ombe huyu akirudi Buswelu, watu watasema nimekurudisha wewe. Na nikimpelekea mzee maneno kwamba niliikataa oili yake, nimemvua nguo. Basi. Tunyamaze."

"Atajiona ameua gari."

"Unataka nifanye nini? Uongo wako ndio umefika hapa."

Ilikuwa kweli. Alitoka nje, akapokea kamba kwa mikono miwili, akaniambia nimwambie baba mdogo kwamba ameshukuru. Nikamwambia. Ng'ombe aliuzwa mwezi ule ule, ikanunuliwa injini ya mtumba, gari likatembea tena. Sikuwahi kukaa kile kiti cha mbele bila kukumbuka kilichokuwa chini yake.

Tangu kupunguzwa kazi, baba alikuwa amepata kazi ndogo iliyompa heshima. Wenye mashine za kusaga za Buswelu na vijiji vya jirani walimwita aje asikilize injini zao. Hakuwatoza, walimpa unga. Baada ya gari kufa aliacha. Yule mama niliyempa dumu alikwenda kumwita mara mbili, injini yake ilikuwa nzuri, alitaka tu asikie kama mpira umekazwa sawa. Baba alimwambia, "Tafuta mwingine, mama. Mimi nimeua gari la mkwe wangu kwa mkono wangu." Yule mama alikuja kunieleza akicheka, akidhani ni utani wa mzee. Wakati anasema hivyo, mashine yake ilikuwa bado inatembea kwa oili ya baba.

Gari letu hakulipanda tena. Tukimfuata kwa ajili ya kanisa au msiba, alisema atatangulia kwa baiskeli. Mume wangu aliumia, najua. Mara moja alizima gari mbali, akaniambia nikamwombe mzee apande, nimwambie si kwa ajili ya mtu, ni jua. Baba akajibu, "Mwambie namheshimu. Siwezi kukaa juu ya injini niliyoilipia."

Mwezi wa kumi 1996 presha ilimwangusha zizini. Alilazwa mjini, upande mmoja wa mwili umelegea, lakini alisema vizuri. Jumatano mchana nilikuwa naye peke yangu. Nilimlisha uji, nikamfuta mdomo, nikasema kabla woga haujarudi.

"Baba, oili yako haikuua gari. Haikuwahi kutiwa."

Alinigeuzia kichwa. "Iko wapi?"

"Niliipeleka kwa mama wa mashine ya kusaga."

"Yule aliyeniita mara mbili?"

"Ndiyo."

"Na mashine yake?"

"Haijawahi kusumbua, baba. Mpaka leo."

Akafumba macho. Nilidhani nimempa kitu cha kufurahia. Nikaendelea, nikamweleza duka, kizibo kinachong'aa, ule uji mweusi. Aliacha nimalize.

"Mume wako anajua?"

"Anajua."

"Tangu lini?"

Hapa ningeweza kusema uongo mmoja wa mwisho, na pengine ungekuwa wa huruma. "Tangu siku ng'ombe alipofika," nikasema. "Alikuwa bado hajapokea kamba."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliomba maji, nikampa, nikarudi. Baba alikuwa amegeuza uso kwenye ukuta.

"Nilidhani nimemkosea yeye," akasema. "Mwaka mzima nikimwona naona aibu. Napita nyuma ya nyumba asinione." Akapumzika. "Mwambie sitapanda gari lile. Hata nikiwa maiti. Mwambie."

"Nitamwambia, baba."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Hakusema nami tena. Alhamisi alizungumza na muuguzi, alizungumza na baba mdogo, alimwomba anyolewe. Kwangu alipokea uji, basi. Ijumaa alfajiri alifariki.

Sikuwa nimefikisha ujumbe. Siku ile ya Jumatano nilirudi nyumbani nikapika, nikanyamaza. Alhamisi vile vile. Ijumaa ulikuwa msiba, na katika msiba kila mtu anakupangia, wewe unalia tu. Mkwe ndiye mwenye gari, kwa hiyo hakuna aliyeuliza mzee atabebwa na nini. Mume wangu aliamka mapema Jumamosi, akaliosha gari mwenyewe, akafungua nati za viti vya katikati ili jeneza liingie, akavipanga kando ya ukuta wa hospitali. Alifunga kitambaa cheusi kwenye kioo. Ndugu zake walikaa kiti cha nyuma na mama yake akiwa kati yao.

Jeneza lilipotolewa, nilisimama mbele ya mlango wa gari.

"Baba alisema hatapanda gari hili," nikasema. "Alisema hata akiwa maiti."

Wazee walitazamana. Mume wangu alikuwa ameshika mlango.

"Alisema lini?"

"Jumatano."

"Alikwambia uniambie?"

"Alisema nikwambie hivyo hivyo."

"Na Jumatano hukuniambia kwa nini?"

"Niliogopa."

Watu wa ukoo wa mume wangu walianza kunong'ona. Mmoja akasema huzuni imenizidi, nipelekwe kivulini. Baba mdogo aliwanyamazisha kwa mkono. Akaniuliza, mbele ya wote, ni kwa sababu gani, na nikaeleza, tangu dumu mpaka ng'ombe, kwa sauti ya kawaida, wanaume wanne wakiwa wamebeba jeneza mabegani. Nilieleza kwamba oili ya baba haikuwahi kuharibu kitu. Sijui wangapi walisikia. Mmoja wa wabebaji alisema tu, "Semeni upesi, mzito huyu."

Baba mdogo akasema, "Marehemu amesema. Tafuteni pikapu."

Ilipatikana pikapu ya wauza mkaa, ikafagiliwa. Wakaliweka jeneza, mimi nikapanda nikakaa kwenye bodi, karibu na kichwa chake. Waliokuwa ndani ya gari letu walishuka mmoja mmoja, hawajui wapande nini. Mama mkwe wangu alishuka wa mwisho na hakunitazama. Pikapu ilipoondoka, mume wangu alikuwa amepiga goti ndani ya gari na spana mkononi, anarudishia viti.